Mwaka wa Mashine Iliyopima Moto

Kwenye msiba wa Fundi Mwampashi, kule Ruanda ya Mbeya, watani wake walifanya kazi yao kama inavyotakiwa. Mmoja alilala njiani akazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mwingine alivaa koti la marehemu, akashika bua la muhindi, akawa analitetemesha juu ya sufuria kama mtu anayechomelea, huku akilia, "Jamani mkono! Mkono umenikimbia!" Waombolezaji walicheka hadi wakafuta machozi upya. Mimi nilikuwa kwenye mkeka pamoja na wanawake, nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na miguuni nilikuwa na kandambili. Mama aliyekaa jirani yangu alinigusa goti. "Pole, mwanangu. Alikuwa ndugu yako?" Nikamwambia hapana, alinifundisha kazi. "Ahaa," akasema kwa huruma, "basi alikufundisha kabla mkono haujamharibikia."

Mkono wake haukuharibika. Nimeishi na jambo hilo tangu nikiwa msichana, na sasa nina miwani ya kusomea na wajukuu wawili. Ulikuwa mwaka mmoja tu, Tunduma ikiwa bado ni ya mkoa wa Mbeya, simu za mkononi zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kuning'inia viunoni mwa madereva. Jinsi tulivyobaki watatu bila wazazi nitaiacha; watu wa umri wangu wanaijua miaka ile na makaburi yake. Niseme tu kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, shule nilikuwa nimeacha, na tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko. Pazia letu lilikuwa kipande cha turubai la lori kilichoandikwa nusu ya jina la mtu. Mchana na usiku tulisikia magari yakingurumia kwenye foleni ya mpakani, na mdogo wetu Salome alikuwa akilala vizuri zaidi yakinguruma kuliko yakinyamaza. Mdogo wangu Yohana alisomea darini, yaani juu ya magunia tuliyoyapanga mpaka karibu na bati, kwa sababu huko ndiko mwanga wa taa ya jirani ulikopenya.

Nilipata kazi kwenye gereji ya Bosi Seif, mfanyabiashara aliyetoka Tanga, aliyekuwa akitengeneza tela na matangi ya mafuta kwa ajili ya malori ya kuvuka kwenda Zambia. Nilianza kwa kusugua kutu na kupaka rangi, na Fundi Mwampashi akaanza kunifundisha kuchomelea. Nilivaa suruali ya kazi, na wanawake wa kanisani walikuwa wakinipita barabarani wakitazama ng'ambo. Hiyo haikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni viazi. Moto wa kuchomelea ukikupiga machoni, macho huwasha kama yametiwa mchanga, na dawa ya mafundi ni vipande vya kiazi kibichi juu ya kope. Nilikuwa nikilala chali navyo, na vikishapata joto Salome alikuwa akiviondoa kimya kimya, akavisuuza, akavitia kwenye sufuria ya mboga. Siku moja jirani alimkuta akifanya hivyo, akacheka. Salome akajibu, "Ni vya dada, havina ugonjwa." Nilikuwa nimefumba macho na nilisikia yote.

Kuchomelea ni jambo dogo ambalo ni gumu. Fimbo ya kuchomelea inatoa moto pale inapokaribia chuma, na kazi yote imo katika ile nafasi kati ya ncha ya fimbo na chuma. Ikiwa finyu mno, fimbo inaganda. Ikiwa pana mno, moto unarefuka, unatapakaa, hewa inaingia, na chuma kinapoa kikiwa na vitundu ndani kama vya andazi. Na fimbo yenyewe inaisha kila dakika, kwa hiyo mkono lazima ushuke polepole kadiri inavyopungua. "Usitazame," Fundi alikuwa akiniambia. "Sikiliza. Ukisikia kitu kinakaangwa, uko sawa. Ukisikia mtu anachana kitambaa, uko mbali." Yeye alikuwa akichomelea huku anaongea na mtu, na sauti ya kukaanga haikukatika. Mkono wangu ulikuwa ukipanda na kushuka kama wa mtu anayepepea moto wa mkaa. Sikuwa mvivu, nilijaribu kila siku. Nilikuwa tu fundi mbaya, na kila mtu pale alijua, hata madereva. "Bamayo, mulishani?" Mzambia mmoja alikuwa akinisalimia kwa Kibemba chao cha heshima, kisha anamgeukia Bosi: "Tangi langu asiliguse huyu, tafadhali."

Halafu Bosi akaleta mashine. Ilikuwa imetumika Afrika Kusini, ikafika kwa lori kutoka upande wa Zambia, na ilihitaji watu wengi kuishusha. Kulikuwa na reli ndefu ya kuwekwa juu ya tangi, na kwenye reli hiyo kilitembea kichwa chenye ncha ngumu isiyoyeyuka. Waya ulisukumwa pembeni ya ncha na gesi ilipulizwa kuzuia hewa. Lakini ajabu yake ilikuwa kwamba kichwa kilipanda na kushuka chenyewe. Mtaalamu aliyekuja nayo alituweka mduara akaeleza. Moto ukirefuka, volti zake zinapanda, ukifupika, zinashuka. Sanduku la mashine linapima volti hizo muda wote. Likiona zimepanda linajua ncha iko mbali, linashusha kichwa. Likiona zimeshuka linajua ncha iko karibu, linakipandisha. "Yaani inajua urefu wa moto kuliko mtu," alisema. Aliweka kitasa cha volti mahali pake, akapaka rangi nyekundu kuonyesha kisisogezwe. "Anayeisimamia, kazi yake ni moja. Asiguse."

Bosi aliwatazama mafundi wote, kisha akaninyooshea kidole mimi. "Huyu binti. Hana mkono, basi hatashawishika kuutumia."

Vijana wa rangi walishangilia. "Dada Enesi kapata mume! Hachoki, hanywi, na anajua umbali!" Nilicheka nao kwa sababu kutocheka kungekuwa vibaya zaidi. Fundi Mwampashi hakucheka wala hakununa. Alisema, "Hongera, mwanangu," akarudi kusaga miguu ya tela. Tangu siku hiyo mishono mirefu ya tangi, ile ambayo watu walikuwa wakija kumtazama akiishona, ilikuwa ya mashine, na mashine ilikuwa yangu. Yeye alibakishiwa miguu, midomo ya kujazia mafuta na ngazi. Mchana tulikuwa tukila pamoja kama zamani, ugali na dagaa katika sinia moja, na aliendelea kunisogezea upande wenye dagaa wengi. Nilikuwa nimekula nafasi ya mtu kwa sababu ya ubovu wangu, na mtu huyo alikuwa ananilisha. Najua hakuna kosa nililofanya hapo. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na aibu haikuondoka, kwa hiyo nimeacha kujiambia.

Umeme wa gereji haukuitosha mashine ile. Nguvu ya kutosha ilikuwa jirani, kwa Mama Nakamba, mwenye kinu cha kusaga nafaka. Wakapatana. Waya ulivutwa juu ya ukuta kutoka kwake, asubuhi mashine ichomelee, na kuanzia mchana kinu kisage. Niliwasikia wakipatana nikiwa nyuma ya mapipa. "Lakini Bwana Seif," Mama Nakamba alisema, "mimi watu wangu ni wenye njaa. Wako ni wenye mafuta. Wakigongana, nitawasikiliza wangu." Bosi akamjibu kwa adabu ya kwao, "Hawatagongana, mama. Saa zimegawanywa, na Mungu ndiye mgawaji." Wakacheka, wakapeana mikono.

Karibu na mwisho wa mavuno, Baba Mdogo alikuja kutoka Kamsamba. Alikuwa mdogo wake baba, mtu wa mpunga na ng'ombe, aliyezoea joto; alikaa chumbani kwetu kajifunga blanketi. Hakuja kwa ubaya. Alisema watoto ni wa ukoo, siyo wa msichana. Yohana angechunga, Salome angekaa kwa shangazi, nami ningetafutiwa mume. "Labda nione kwamba una kazi ya kweli," alisema. "Siyo kusugua kutu. Nikiona una kazi inayokutegemea, nitakaa kimya." Yohana alikuwa juu ya magunia. Niliona mguu wake ukisimama kuchezacheza. Nikasema, "Njoo keshokutwa, Baba Mdogo. Tunalijaribu tangi. Utaona kazi yangu."

Kesho yake kulikuwa na msiba mtaani kwetu. Alfajiri wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha mahindi, kama ilivyo desturi, na msiba haungoji saa za mtu. Asubuhi, wakati mimi nikishona mshono mrefu wa tangi la mteja wa Zambia, Mama Nakamba aliwasha kinu ili kusaga unga wa waombolezaji. Nilikisikia. Hakuna aliyeona tatizo. Nani angemzuia mtu kusaga unga wa msiba? Vumbi la unga lilivuka ukuta likatua juu ya sanduku langu, nikalifuta kwa kitambaa, nikiwa mwangalifu nisiguse kitasa chenye rangi nyekundu. Mshono uliisha ukiwa laini kama kiganja. Mchana sote, pamoja na Fundi, tulikwenda msibani tukala, na njiani nilimweleza Fundi alichokisema Baba Mdogo.

Siku ya kujaribu tangi, Baba Mdogo alikaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini, karibu na yule dereva wa Zambia. Tulijaza upepo, tukapaka povu la sabuni kwenye mishono. Povu kwenye miguu na midomo lilitulia. Kwenye mshono mrefu likaanza kuchemka. Vipovu vidogo vidogo, kipande kirefu, kama maziwa yanayokaribia kumwagika.

Bosi Seif alipitisha kidole. Hakupaza sauti, ilikuwa afadhali angepaza. "Nani alipita hapa?"

Nilikuwa nafungua mdomo. Baba Mdogo alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye benchi.

"Mimi," alisema Fundi Mwampashi.

Kila mtu akageuka. "Jana waya ulikwama," akaendelea, huku akijifuta mikono polepole. "Nikamwambia binti apumzike, nikamalizia kwa mkono. Nikasaga juu ukawa laini. Mkono siku hizi unachoka, Bosi. Nilikuwa nimeficha."

"Siyo kweli," nikasema. "Bosi, siyo kweli. Waya haukukwama. Ni mashine, na mimi ndiye niliyekuwa nayo kuanzia mwanzo hadi mwisho."

Bosi alinitazama kwa upole ambao sijausahau. "Binti, mashine haiwezi kuchoka wala kuona wivu. Wewe unamtetea mwalimu wako. Ni jambo jema, lakini nyamaza." Vijana wa rangi wakacheka. Dereva wa Zambia akamwambia Baba Mdogo, "Mtoto ana heshima sana huyu," na Baba Mdogo akaketi tena, akavaa kofia yake. Nilisema tena, kwa sauti zaidi, na nadhani nilipiga mguu chini. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kunihesabu kuwa mwema. Fundi alikuwa ameshaanza kukusanya nyundo na miwani yake. Hakufukuzwa. Alipita karibu yangu bila kunitazama, akatoka getini, na Baba Mdogo jioni hiyo alipanda gari la kurudi Kamsamba bila watoto.

Kwa siku kadhaa niliamini kwamba nilikosea kitu nisichokijua. Nililala nikipitisha kila tendo langu la asubuhi ile, na sikupata kosa. Kisha Mama Nakamba akabadilisha mkanda wa kinu chake, akakiwasha asubuhi ili kuujaribu, na mimi nikiwa nashona kipande cha mazoezi huku nimevaa kinyago cha kuchomelea. Kinu kilipoanza kuguna, taa ya gereji ilififia, na kichwa cha mashine kikapanda. Kilipanda chenyewe, taratibu, kama mtu anayenyanyuka asiamshe mtoto. Moto ukarefuka, ukawa mwembamba, ukayumba huku na huku. Kinu kiliponyamaza, kichwa kikashuka mahali pake. Nikaelewa papo hapo. Kinu kilikuwa kinakula umeme wa waya uleule, na sanduku likaona volti zimeshuka. Halikuwa na namna ya kujua kwamba umeme wa mtaa ndio uliopungua. Lilifundishwa jambo moja, kwamba volti zikishuka ncha iko karibu mno, kwa hiyo likawa linaisogeza mbali.

Nilimwita Bosi, nikamwomba Mama Nakamba awashe na kuzima, awashe na kuzima. Bosi alitazama kichwa kikipanda na kushuka, akavua kofia yake. "Subhanallah," akasema. Wiki ileile alinunua jenereta. Nilipomwuliza kuhusu Fundi, akasema, "Mwanangu, alikiri kwa kinywa chake mbele ya wateja. Nikimrudisha, watasema Seif amempa matangi yao mtu anayeficha vitundu. Nitawaendea mmoja mmoja kuwaeleza habari za kinu?" Macho yake yalikuwa chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na aibu kama mimi, ila ya kwake ilikuwa na biashara ya kulinda.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Itumba, kwa wakwe zake Fundi, alikokuwa amehamia. Nilimkuta kwenye kibaraza akiziba masufuria yaliyotoboka, kwa mkaa na risasi ya kuyeyusha, kazi ya mtu ambaye hajui kazi. Mkewe alikuwa anapika ndizi na maharage.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Yule mume wa chuma hakulishi?"

Nilimweleza yote, kichwa, kinu na unga wa msiba. Alisikiliza huku sufuria iko mikononi. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo hukugusa kile kitasa?"

"Sikukigusa. Kwa nini ningekigusa?"

"Nilikuona na kitambaa juu ya sanduku. Nikasema, huyu mtoto ametamani kuwa fundi, amekizungusha kidogo. Na yule mzee wako alikuwa benchini na kofia." Akaweka sufuria chini. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kwa mwili mzima. "Basi nimeacha kazi kwa sababu ya ugali wa msiba. Na wenyewe nilikwenda kuula! Nikaongeza!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Mimi uliniambia mkono umechoka," alimwambia. "Nimekuwa nikikukanda kila jioni kwa maji ya moto." Fundi akaacha kucheka. Mama yule aliingia ndani, tukasikia vyombo, kisha akatoka na sahani akaniwekea mimi kwanza, kama mgeni. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri. Nilizila zote.

Nilimwambia arudi, nikasema nitasimama katikati ya soko niseme. Alitikisa kichwa. "Baba yako mdogo anajua volti?"

"Hajui."

"Anajua kosa. Kwake kosa lazima liwe na mtu. Likitoka kwangu atamtafuta wa karibu, na wa karibu ni wewe. Liache lilipo. Hapa Itumba nani atauliza habari za matangi?" Alitaka niahidi. Sikuahidi. Nilisema tu kwamba nitafikiri, nikaondoka.

Baba Mdogo alirudi baada ya miezi michache, safari hii na gunia la mchele wa Kamsamba na jogoo aliyefungwa miguu. Alikuja kutushukuru, alisema, kwa kutoutia ukoo aibu. Mchele ule unanukia ukiwa bado mbichi, na Yohana alikuwa akitia mkono guniani ili aunuse tu. Tulimchinja jogoo, nikapika, tukakaa chini wanne kuzunguka sinia. Baba Mdogo alikuwa na furaha. "Na yule fundi mkono-mbovu, wamepata mwingine?" aliuliza.

Salome alinitazama. "Dada, kweli mkono wake ulikuwa mbovu?"

"Hapana," nikasema. "Baba Mdogo, nisikilize vizuri. Lile tangi lilitobolewa na mashine yangu. Umeme ulipungua kwa sababu ya kinu, mashine ikadhani iko karibu mno, ikajivuta. Fundi hakuligusa. Alijisingizia kwa ajili yetu, ili usinichukulie hawa."

Nilikuwa nimemshika Salome kiganja chini ya sinia. Yohana alikuwa ameacha kula. Nilimwona Baba Mdogo akilipima jambo lile, akiligeuza, akitafuta pa kuliweka. Kisha uso wake ukalainika.

"Mnaona?" akawaambia wadogo zangu. "Mpaka leo anambebea mwalimu wake. Huyu ndiye mtu wa kufuatwa ndani ya nyumba hii." Akapekua ndani ya mchuzi kwa vidole, akaitafuta firigisi, ambayo kwetu hailiwi na mtu mwingine ila baba mwenye nyumba, na ambayo tangu kuzaliwa kwangu sikuwahi kuiona mbele ya mwanamke. Akaiweka juu ya wali, upande wangu.

"Kula," akasema. "Ni yako."

Wadogo zangu walikuwa wananitazama kwa fahari. Niliichukua, nikaitia mdomoni, nikatafuna, na firigisi ni ngumu, inachukua muda mrefu, na mtu hawezi kusema neno ikiwa mdomoni.